Salamu Kwanza, Paswedi Baadaye

Jumanne, 3 Machi

Kwa mkwe wangu,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu wewe mwenyewe ulisimama mbele ya wafanyakazi wangu, na ile fimbo yako ya kuonyeshea ukutani, ukasema mambo ya siri yasipite kwenye imeili wala meseji. Haya. Barua hii anakuletea Taratibu, dereva wangu wa vifaranga. Jina hilo tumempa kwa sababu akiwa na mzigo haendeshi gari, analibembeleza. Ikichelewa usinilaumu mimi.

Jana baada ya chakula cha mchana nilikwenda kuangalia joto la mashine zangu za kutotolesha. Unajua mayai yaliyomo humo safari hii. Sijawahi kuingiza mzigo mkubwa hivyo tangu nianze kazi hii, na wafugaji wote wameshaweka oda. Joto likiharibika nusu siku tu, nabaki na jengo zima la mayai viza. Basi naandika paswedi yangu, kompyuta inaniambia akaunti imefungwa. Imefungwa na nani? Mashine ni zangu, mayai ni yangu, na umeme nalipa mimi!

Nikapiga simu kwenye kampuni yenu, maana ndiyo kazi tuliyowapa, kutuangalizia kompyuta. Akapokea binti mmoja mwenye sauti tamu kama ya matangazo. Namwambia mimi ni mama mwenye kituo cha vifaranga, nifungulie. Ananijibu, "Samahani mama, wewe ni nani?" Narudia. Anasema atakata simu, kisha atapiga kwenye namba tuliyoisajili, halafu ataniuliza swali langu la siri. Namba hiyo ni ya simu ya mezani, ofisini. Mimi niko chumba cha mashine. Ikabidi nivuke uwanja mzima kwa magoti haya unayoyajua, nikafika nahema, nikaulizwa kuku wangu wa kwanza alikuwa anaitwaje. Mtu mzima mimi! Karani wangu kajificha nyuma ya skrini, anacheka mpaka mabega yanatikisika.

Nikasema basi, ngoja nimpigie mkwe. Ukapokea, ukanisalimia kama kawaida yako: magoti, jirani, mbwa. Halafu na wewe ukaniambia, "Mama, niwie radhi, utaratibu ni uleule." Mkwe, mimi nilikupa kitinda mimba wangu bila kukuuliza swali la siri.

Na lingine. Zamani nilikuwa nakaa kwenye kiti changu ofisini naona joto la kila mashine. Tangu mje mkatenganisha kompyuta za ofisi na za mashine, mpaka niinuke niende kulekule. Kuna fundi hapa mjini anaitwa Fasta. Anasema atavuta waya mmoja tu, na kila kitu nitakiona nikiwa nimekaa.

Sina ubaya na wewe. Adabu unayo, tena imezidi. Siku ile pazia la jikoni kwangu liliposhika moto uliniamkia kwanza, ukaniuliza nimelalaje, ndipo ukasema, "Mama, samahani, nyuma yako kunaungua." Lakini adabu yako ni kitu kimoja na kampuni yako ni kitu kingine. Zungumza nao.

Mimi,
Mama mkwe wako


Ijumaa, 6 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na magoti yametulia kidogo baada ya ile dawa ya kuchua. Jirani aliyevunjika mkono anaendeleaje? Na mbwa, bado anabweka akiona mwavuli? Sisi huku tuko salama. Mwanao anakuamkia, anasema kila mgeni anayeingia anaisifia mito uliyotushonea. Taratibu alifika vizuri, akanipa barua pamoja na ujumbe wako wa mdomo, ambao sitaurudia hapa kwa heshima yako na yangu.

Mama, barua yako nimeisoma nimesimama. Kwa kuvushwa uwanja mzima nakuomba radhi kabisa. Hilo ni letu. Mwenzangu atakuja kituoni asajili na simu yako ya mkononi, mbele yako, ili usitembezwe tena.

Lakini utaratibu wenyewe siwezi kuuombea radhi. Niruhusu nieleze kidogo. Hatuangalii kompyuta zako peke yake. Tunaangalia za duka la dawa, za kiwanda cha maji, za kinu cha unga na za shule. Tukiwa tumekaa ofisini kwetu tunaweza kuingia kote huko. Sasa mfikirie mwizi. Ahangaike kuvunja mlango wa kila mtu wakati kuna chumba kimoja chenye funguo za wote? Chumba hicho ni chetu. Ndiyo maana tulianza kujifunga sisi wenyewe. Hata bosi wetu akisahau neno lake la siri, tunamkatia simu na kumpigia upya. Juzi juzi alikuwa harusini, akaulizwa swali lake la siri huku bwana harusi anamsubiri apige naye picha.

Na kuhusu kutenganisha. Kompyuta za ofisini zinapokea barua za dunia nzima. Mashine za mayai hazina haja ya kujuana na dunia, zinataka joto, unyevu na kugeuziwa mayai. Tumezitenga ili karani wako akifungua kitu kibaya, ubaya wake uishie ofisini. Kila jioni tunachukua nakala ya kazi zenu tunaiweka mbali, mahali ambapo mwizi aliyeingia kwako hawezi kuifikia. Mama, tafadhali, waya wa Fasta usivutwe. Nakuomba sana.

Kuna jambo dogo nataka kukuuliza, na usinifikirie vibaya. Jumatatu ile, asubuhi, kabla ya simu yako ya mchana, ulikuwa umetupigia pia? Nauliza tu.

Wasalimie wote kituoni, na jirani, na mbwa.

Mimi mkweo,
mwenye heshima kwako


Jumatatu, 9 Machi

Kwa mkwe wangu,

Umeuliza "tu". Asubuhi ile nilikuwa nachanja vifaranga, na mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Nilipiga mara moja, mchana. Sasa mmefika mahali pa kuhesabu simu zangu? Nimeiba nini?

Lakini si hilo lililonikera. Jumamosi nilipiga tena, nikasema leo sitaki maneno, nipeni mkwe wangu, yeye ndiye anayeshughulikia kazi yangu. Yule binti wa "wewe ni nani" akaniambia, kwa upole wake ule, kwamba kazi yangu haiko tena kwako. Amepewa yeye. Tangu lini? Tangu Jumatatu ileile, jioni! Yaani ulikata simu yangu, ukaenda ukanikabidhi kwa mtu baki. Kisha ukaniandikia habari za mbwa na mwavuli, na hilo ukalimeza.

Baba mkwe wako alipotutoka, mashine ya kwanza ilikuwa mbovu na kila mtu aliniambia niuze. Wewe ulivua koti lako zuri, ukalala chini kwenye vumbi la manyoya ukaitengeneza mpaka ikapata joto. Hukuwa na kampuni siku hiyo. Ulikuwa kijana tu anayemtaka binti yangu, na siku hiyo ndiyo niliyokukubali, ujue. Sasa nakupigia nina shida, unanipitisha dirishani kama mteja yeyote. Nimeumia, mkwe. Naliandika waziwazi ili usije ukasema hukujua.

Umenichoka, sawa. Fasta anakuja Jumatatu ijayo na ngazi yake. Atavuta waya, na mwisho wa mwezi mkataba wenu nauvunja. Usinipigie, sitapokea.

Mama mkwe wako


Jumatano, 11 Machi

Mama,

Shikamoo. Ni mimi, kitinda mimba wako. Mume wangu hajui kama nakuandikia, na usije ukamwambia. Barua yako ameiacha mezani, akaenda bafuni kunawa uso, akakaa huko mpaka nikagonga mlango.

Sasa nisikilize, na usinikatize kama tukiwa jikoni. Jumatatu ile asubuhi, wakati wewe unachanja, mwanamke alipiga simu kwao akasema yeye ni wewe. Alikuwa na jina lako kamili. Alijua una mashine ngapi. Alijua hata lile jina la utani unaloniita. Akataka wabadilishe namba ya simu inayopokea zile namba za siri za kufungulia akaunti. Yule binti unayemchukia akamwambia maneno yaleyale aliyokuambia wewe, nakata, nitakupigia kwenye namba iliyosajiliwa. Mwanamke akakata kabla hajakatiwa. Na akaunti yako ilijifunga kwa sababu watu hao walikuwa wanajaribu paswedi, wanakosea, wanajaribu tena.

Mume wangu hakukuambia kwa sababu kwao hawaruhusiwi kumtia mteja hofu kabla hawajahakikisha. Ndiyo maana akauliza "tu". Na wewe ukamrukia!

La pili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Hakukutupa. Yeye mwenyewe alimwomba bosi wake akutoe mikononi mwake. Unajua alimwambia nini? "Huyu mama mimi siwezi kumkatalia. Leo nimemkatalia mara moja tu, tena kwa shida. Akipiga tena nitamfungulia, na atakayepiga tena huenda asiwe yeye. Mpe mtu asiyemwogopa." Bosi akacheka. Yeye hakucheka. Mama, huyu mtu kwako alikula sahani ya tatu huku anatokwa jasho kwa sababu alishindwa kusema ameshiba. Unategemea akukatalie paswedi?

Kwa hiyo akatafuta mtu wa kukukatalia kwa niaba yake. Kwangu mimi hiyo ni heshima, ila imevaa nguo ngeni.

Sikuambii usimlete Fasta, mashine ni zako. Nakuomba angoje tu mpaka vifaranga watoke. Mume wangu hali vizuri, na mimi nimechoka kula chakula cha watu wawili.

Mwanao


Ijumaa, 20 Machi

Kwa mkwe wangu,

Habari za huko? Magoti yangu hayajambo. Jirani ameshatolewa plasta, ila mkono anautumia kwa kula tu, kwa kazi bado unamuuma. Mbwa anabweka. Umeona? Na mimi naweza.

Sasa kaa chini.

Jumatatu Fasta alikuja. Akaegemeza ngazi ukutani, akapanda, waya begani, anapiga mluzi. Mimi nimesimama chini. Nilipomwona anainua nyundo nikamwambia, "Shuka." Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia sababu ninayo na sikupi. Nimemlipa nauli yake, kaondoka kavimba. Sababu hiyo na wewe usiniulize.

Jumanne asubuhi karani wangu alipata imeili ya yule anayetuuzia chakula cha kuku, yaani iliyojifanya ya kwake, kwamba bei zimebadilika. Karani akaifungua. Nasikia, "Yesu na Maria!" Natoka, naona skrini zote za ofisini zimekuwa nyekundu, zina maandishi kwamba kazi zetu zote zimefungwa na tutoe pesa ndipo zifunguliwe. Oda zote, anwani za wafugaji, kila kitu. Wazo la kwanza ni mayai. Nikakimbia, ndiyo, nilikimbia mimi, uwanja mzima mpaka chumba cha mashine.

Zinanguruma kama kawaida yake. Joto liko palepale. Hazina habari.

Nikaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikalia. Sijui hata nililia nini, maana humo hakukuwa kumeharibika kitu. Uliniambia ubaya utaishia ofisini, na mimi nusura nimwache Fasta apige nyundo auletee njia.

Niko hapohapo juu ya ndoo, simu ya mkononi, ile ambayo mwenzako alikuja akaisajili, inalia. Namba siijui. Napokea. Ni wewe. Mkwe, ilikuwa sauti yako! Ningeapa mbele ya hakimu. "Mama, haraka! Ni mimi mkweo. Mmevamiwa, na wanaelekea kwenye mashine. Kuna namba imeingia kwenye simu yako sasa hivi. Nisomee, niziokoe." Natazama simu, kweli namba imeingia. Mdomo nimeshaufungua. Mayai yangu yote yako mbele ya macho, na mkwe wangu ananiambia haraka.

Halafu nikajikuta nasubiri. Nasubiri shikamoo. Nasubiri magoti. Hayaji.

Nikasema, "Hujaniamkia." Akanijibu, "Mama, sasa hivi hakuna muda wa hayo!"

Hakuna muda! Mtu aliyeniuliza nimelalaje wakati pazia linawaka mgongoni kwangu! Nikavuta pumzi, nikamwambia kwa sauti tamu kama ya matangazo, "Samahani baba, wewe ni nani?" Nikaendelea, "Nakata simu. Nitakupigia kwenye namba tuliyoisajili." Akaanza kutukana. Sasa hapo hata shaka ikaniisha, kwa sababu wewe matusi huyajui, hata ukijigonga kidole unasema "samahani".

Nikapiga ile namba yenu iliyobandikwa mlangoni. Akapokea binti yule. Akaniuliza mimi ni nani, na mkwe, sijawahi kufurahi kuulizwa hivyo. Akakata, akapiga, akauliza jina la kuku, nikalisema kwa sauti mpaka wasichana wa chanjo wakageuka. Akasema, "Sawa mama, sasa tuko wote." Akatuelekeza tuchomoe waya upi, nani asiguse nini, naye huko aliko akafunga kila mlango. Hakuharakisha hata neno moja. Akaniuliza nimekunywa maji.

Kesho yake jioni kazi zetu zote zilikuwa zimerudi kutoka kwenye ile nakala yenu ya mbali. Karani amepoteza kazi ya asubuhi moja tu, na amenyooka, sasa hivi hata nikimpa bahasha mkononi ananitazama machoni kwanza.

Jana vifaranga wametoka. Nimefungua mlango wa mashine ya kwanza, kelele ile ikanipiga usoni, nikamshika Taratibu bega ili nisianguke. Wamejaa kila trei, wamekauka vizuri, wanapiga kelele kama wanadai haki yao. Wengi kuliko nilivyothubutu kuomba.

Mkataba sivunji. Ukinipigia nitapokea. Ila upige kwenye namba iliyosajiliwa.

Mama mkwe wako


Jumatatu, 23 Machi

Mama,

Shikamoo. Leo nitasalimia kifupi na naomba msamaha mapema, maana nikianza na mbwa sitafika. Hapana, siwezi. Magoti yakoje baada ya mbio zile? Umeyakanda?

Barua yako niliisomea ofisini. Nilipofika kwenye "hujaniamkia" nilicheka mpaka machozi yakatoka, kisha yakaendelea kutoka baada ya kicheko kwisha. Yule binti akaniletea karatasi za kufutia uso bila kuniuliza mimi ni nani. Mama, siku zile zote sikuwa na amani. Jumanne ile nilikuwa nyuma ya kiti chake anapozungumza nawe. Niliisikia sauti yako ukilitaja jina la kuku. Sikuruhusiwa kugusa kitu wala kusema. Ulipojibu kwamba mashine zinanguruma, nilikaa chini sakafuni, mbele ya bosi.

Sauti waliipata kwenye video ya ile semina niliyowapa wafanyakazi wako, ambayo sisi wenyewe tuliiweka mtandaoni kujitangaza. Siku hizi kompyuta ikisikia sauti ya mtu kwa muda mfupi inaweza kuiiga ikasema chochote. Video tumeiondoa. Jumatatu ile asubuhi mwanamke alitupigia akijifanya wewe, na jina la utani la mwanao alilolitaja walilipata kwenye picha za harusi yetu alizoziweka yeye mtandaoni, na nimekuachia wewe umwambie, mimi nimejaribu nikashindwa.

Lakini kubwa ni hili. Bosi ameitisha kikao kwa sababu ya barua yako. Miaka yote hii tumekuwa tukiwauliza wateja, wewe ni nani? Hatukuwahi kuwafundisha watuulize sisi. Mwenye duka la dawa akipigiwa na mtu anayejiita sisi, alikuwa anafungua tu, kwa kutuamini. Kuanzia wiki hii kila mteja ana haki ya kutukatia simu na kutupigia mwenyewe, hata akiwa na shaka ndogo tu, na hatakiwi kuomba radhi. Tunakwenda kwa mmoja mmoja kuwafundisha, kinu cha unga, maji, shule. Tunafanya na majaribio: mmoja wetu anapiga kwa kujifanya, tuone nani atakata. Mkuu wa shule moja ametukatia kwa furaha ambayo sijawahi kuiona. Bosi anaiita "kanuni ya mama wa vifaranga". Mimi nimevimba kichwa.

Tena nataka kukuambia jambo nililolificha. Kazi yako sikunyang'anywa. Niliomba mwenyewe iondolewe kwangu, kwa sababu nakuogopa, Mama. Siyo woga wa ubaya. Siwezi kukuambia hapana, na kazi hii inataka mtu wa kukuambia hapana siku moja ikibidi. Nilipaswa kukuambia, nikaona haya. Ulidhani nimekuchoka, na mimi nikaona bora udhani hivyo kuliko nikufungulie mlango halafu aingie mwingine. Siku zile zimekuwa ndefu sana kwangu.

Sijui ni nini kilikufanya umshushe Fasta. Yeyote aliyekushauri, namshukuru.

Na kiti chako ofisini hatujakisahau. Tutakuwekea skrini ndogo inayoonyesha joto tu. Itaonyesha, lakini hakuna amri yoyote itakayopita kurudi kwenye mashine. Utaona ukiwa umekaa.

Mimi mkweo,
mwenye heshima kwako


Alhamisi, 26 Machi

Mkwe,

Aliyenishauri yuko nyumbani kwako na anakula chakula cha watu wawili, au alikuwa anakula. Mpikie kitu kizuri. Zaidi ya hapo sina la kusema, niliombwa nisiseme.

Taratibu amekuletea barua hii pamoja na boksi la vifaranga. Si lako. Ni la binti yule. Nimemwagiza Taratibu asimkabidhi mpaka amuulize "samahani, wewe ni nani?", na akishajitambulisha, arudi kwenye gari, apige simu ya ofisini kwenu, aulize tena. Taratibu ameliafiki kwa moyo wote, amekuwa akijizoeza njia nzima. Mwambie binti hao ni majike, nimewachagua mwenyewe, na kama hana pa kuwafugia, aje awatembelee hapa.

Jana alinipigia, kwenye namba iliyosajiliwa, nikamkatia, nikampigia mimi. Amecheka. Akaniambia swali langu la siri inabidi libadilishwe, kwa sababu jina la yule kuku nilipiga nalo kelele kituo kizima kikasikia. Akataka nichague swali jipya, lenye jibu ambalo mtu wa nje hawezi kulikisia. Nimefikiri sana. Swali nililochagua ni hili: "Yule kijana aliyelala kwenye vumbi la manyoya akatengeneza mashine ya kwanza, ni nani kwako?"

Jibu nimempa yeye peke yake. Wewe sikuambii, utaratibu ni uleule, hata kwa ndugu. Nakuambia tu kwamba mwizi yeyote atajibu "mkwe", na atakatiwa simu.

Njoo Jumapili ule. Sahani moja inatosha, na ukishiba sema. Jizoeze kwangu.

Mama